Majina Nyuma ya Daftari la Madeni

Mimi nauza mandazi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Base Camp, na ushuhuda wangu unaanza na tuzo ambayo sikupewa mimi. Najua wenzangu wa kanisani wangetaka nianze na Mungu alivyonivusha, niende kwenye mateso, kisha nirudi kwa Mungu. Hayo nitayasema, ila kwa mpangilio wangu.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, magari ya Mbarara yakibeba nusu ya abiria na nauli ikiwa imepanda, habari zilizagaa kwenye simu kwamba Sabuni Francoise Chikunda amepata tuzo ya Nansen kwa upande wa Afrika. Ni mwalimu, ni Mkongomani, ni mkimbizi wa hapahapa Nakivale. Walimpa kwa kuwafundisha wakimbizi wenzake Kiingereza na kwa kituo cha wanawake cha Kabazana. Tuzo yenyewe hutolewa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nayo ina jina la Fridtjof Nansen, yule Mnorwe aliyekabidhiwa kazi ya kuwashughulikia wakimbizi mwaka 1921, enzi za Shirikisho la Mataifa.

Kwenye foleni ya maji habari hiyo ilipokewa kwa namna mbili. Wapo waliopiga vigelegele. Wengine waliuliza lile swali ambalo Nakivale huulizwa juu ya kila jambo jema: "Sasa atapelekwa nchi gani?" Hapa kwetu heri ya mtu hupimwa kwa ndege. Mtu akipona ugonjwa mkubwa, akipata cheti, akiolewa vizuri, watu wanataka kujua kama hilo litaisogeza kesi yake.

Mimi nilijiuliza kitu kingine. Watu wa UNHCR walioko Geneva walimjuaje mwalimu wa Kabazana? Lazima kuna mtu aliyekaa naye, akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika jina lake bila kulikosea, akalipeleka mbele. Niliwaza sana juu ya huyo mwandishi kuliko nilivyowaza juu ya tuzo.

Natoka Kiwanja, teritwari ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Tarehe 4 Novemba 2008 wanamgambo wa Mai-Mai waliuingia mji. Siku iliyofuata waasi wa CNDP waliuchukua tena, wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume. Askari wa Umoja wa Mataifa, MONUC, walikuwa na kambi yao palepale Kiwanja. Human Rights Watch waliandika baadaye kwamba waliouawa katika siku hizo mbili hawakupungua 150. Mume wangu yumo katika hesabu hiyo. Alikuwa fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayobeba viazi na makaa kwenye barabara zetu. Hakuwa na bunduki, alikuwa na msumeno na randa. Mwanetu wa kiume alikuwa bado wa mgongoni.

Tulivukia Ishasha. Ya njiani siyaelezi. Nimeyaeleza mara nyingi mno mahali pengine, kama nitakavyosema hivi punde.

Nakivale ilikuwepo kabla yangu na kabla ya mama yangu kuolewa. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 ilikuwa ikiwapokea Wanyarwanda, na baada yao wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Iko wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo, na ina vijiji zaidi ya sabini. Walitupa turubai, jembe, sufuria na kishamba cha kujenga na kulima. Nawapa Waganda haki yao: ni nchi chache duniani zinazompa mgeni ardhi. Lakini ardhi haifundishi namna ya kulala usiku. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia hodi ambayo haikubishwa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kirundi, ndiye aliyekuwa akija kukaa mlangoni kwangu jioni akichambua maharage, bila maneno mengi, mpaka mtoto na mimi tunapitiwa na usingizi. Mkiniuliza Mungu alinivusha kwa njia gani, hiyo ni moja.

Njia nyingine ni unga. Likelemba ya wanawake, yaani mchango wetu wa zamu, ilipofika kwangu nilinunua karai, beseni na mfuko wa kwanza wa unga wa ngano. Tangu hapo huenda Mbarara kuchukua mali, kwa taxi ya kupitia Kabingo na Kaberebere, na kurudi na mfuko juu ya gari na jerikani la mafuta katikati ya miguu. Mbarara wananijua. Wenye maduka huniita "nyabo", yaani mama, na hunipunguzia kidogo nisipobishana sana. Nilinunua na daftari la kurasa mia mbili, mbele nikaandika wanaonidai na ninaowadai. Muuza mandazi asiye na daftari huwa anagawa sadaka.

Sasa nirudi kwenye kueleza. Mkimbizi hueleza habari zake katika sehemu mbili. Ya kwanza ni ofisini. Unakaa mbele ya meza, unaulizwa tarehe, saa, umbali, nani alisimama wapi, na mwaka unaofuata unaulizwa tena na mtu mwingine anayelinganisha na ya mwanzo. Ukilia, anasubiri. Usipolia, anatazama karatasi. Nimewahi kuambiwa katika ofisi moja kwamba maelezo yangu ni "ya kawaida". Sina ugomvi na aliyesema. Kwa waliopitia mikononi mwake kwa mwezi mmoja, huenda kweli yalikuwa ya kawaida. Ya pili ni kanisani, na huko huwezi kumaliza bila haleluya. Watu wamekuja kutiwa moyo, na mchungaji ana saa yake. Kote huko, katika miaka yote, sikuwahi kuombwa majina ya waliokufa. Ofisi ilitaka jina langu na la mtoto. Kanisa lilitaka jina la Yesu. Jina la fundi chukudu halikuwa na pa kuingia.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na sisi Nakivale tulijua kwa bei ya mafuta. Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Yalipokwama bandarini, wanunuzi wakakimbilia mawese, na mawese nayo yakapanda. Ngano ikafuata, sabuni ikafuata, petroli ikafuata na nauli ya Mbarara pamoja nayo. Mandazi yangu yalipungua ukubwa, na wateja wakayatazama kwa jicho la mtu anayeibiwa. Wakati huo mgao wa chakula ulikuwa umeshakatwa: Aprili 2020 WFP waliushusha hadi asilimia 70, Februari 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 wakatugawa katika makundi matatu kulingana na shida, na kundi lililohesabiwa kuwa linajitegemea likaachwa bila mgao.

Basi nilikuwa na kinyongo na Ukraine, na sikuwa peke yangu. Kwenye simu tuliona mipaka ya Ulaya ikifunguliwa, watu wakipokewa stesheni kwa mabango na maua. Hatukuwachukia. Tulihesabu tu. Mtu mwenye njaa huhesabu kila kinachopita kwenda kwa mwingine. Nisingependa msomaji afikiri kwamba kinyongo hicho kimeisha chote.

Tarehe 7 Oktoba 2022, jioni, nilikuwa nakanda unga huku nikisikiliza habari za Kiswahili redioni. Wakatangaza Nobeli ya Amani: Ales Bialiatski wa Belarus, ambaye alikuwa gerezani, shirika la Memorial la Urusi, na Kituo cha Uhuru wa Raia cha Ukraine kinachoongozwa na mwanasheria Oleksandra Matviichuk. Nilijiandaa kukasirika. Kisha mtangazaji akaeleza kazi ya hao Waukraine. Hawakusimamisha vita, wala hawakupatanisha mtu. Tangu 2014 walikuwa wakikusanya maelezo ya waliotekwa na kuteswa, na vita ilipopanuka wakawa wanaandika kila tukio: nani, wapi, lini, nani aliona. Maelfu kwa maelfu ya matukio. Nilisimama na unga mikononi. Kumbe kuna watu wanapewa tuzo kubwa kuliko zote kwa kuandika majina.

Nilisikia baadaye kwamba wapo Waukraine waliokasirishwa na kuwekwa kapu moja na Mrusi na Mbelarusi. Hilo nalielewa kuliko ninavyoielewa hotuba yoyote ya amani. Nakivale imetuweka foleni moja ya maji na watu ambao tulifundishwa kuwaogopa, nao walifundishwa kutuogopa sisi, na hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari.

Wiki tatu baada ya tangazo lile, tarehe 29 Oktoba 2022, waasi wa M23 waliichukua Kiwanja. Mji uleule. Simu zililia usiku kucha. Mabasi yaliyokuwa yakileta watu Kabazana kutoka Nyakabande, kule Kisoro, tangu Bunagana ilipoanguka mwezi Juni, sasa yalikuwa na sura ninazozijua. Ndipo nilipogeuza daftari la madeni nyuma mbele, nikaanza kuandika. Jina la kwanza ni la mume wangu, na kazi yake. La pili ni la kaka yake. Kisha nikapita mtaa wetu kichwani, nyumba kwa nyumba, kama walivyopita wao.

Hapa lazima nimtaje Daktari Denis Mukwege, maana Mkongomani hawezi kusema habari za tuzo akamruka. Oktoba 2018, pale Panzi, Bukavu, alikuwa chumba cha upasuaji akimhudumia mgonjwa habari zilipomfikia kwamba ameshinda Nobeli pamoja na Nadia Murad, Myazidi wa Irak. Nakivale tulicheza siku hiyo, hata mimi nisiyecheza. Nilichokuja kukisikia baadaye ni alichokisema Oslo: kuna ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu uliofanyika Kongo, na imewekwa kwenye droo huko New York ikipata ukungu. Ni ripoti ya mwaka 2010, ina matukio 617, kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003. Nilipoambiwa miaka hiyo nilifanya hesabu ya haraka. Kiwanja ni 2008. Hata kwenye droo hatumo.

Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda mkubwa wa CNDP wakati ule, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2019 kifungo cha miaka 30. Wengine hapa walichinja mbuzi. Lakini hukumu ile ni ya mambo ya Ituri, 2002 na 2003. Nawafurahia watu wa Ituri. Yetu hayakusomwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, na wameniuliza, daftari la muuza mandazi litasaidia nini kama ripoti ya Umoja wa Mataifa haijasaidia, sina jibu la kumridhisha. Ninachojua ni kwamba tangu nianze kuandika, ile hodi ya usiku imepungua. Haijakoma.

Jumatatu ya tarehe 11 Machi 2024 nilikuwa Mbarara kuchukua unga. Redio ya dukani ilikuwa inazungumza Kinyankole kwa kasi, nami nikishika neno hapa na neno pale, ila jina moja lilirudiwa mno hata mgeni angelisikia: Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani wa Uganda. Filamu juu yake ilikuwa imeteuliwa kushindania Oscar ya filamu bora ya maisha halisi, na alfajiri hiyo matokeo yalikuwa yametoka. Imeshindwa. Iliyoshinda ni ya Ukraine, inaitwa 20 Days in Mariupol, na ni Oscar ya kwanza kwa nchi hiyo. Mwenye duka alinigeukia: "Nyabo, umesikia? Ukraine wametunyang'anya." Nikasema pole. Mkimbizi hana maoni juu ya siasa za mwenye nyumba, na mwenye duka hakukusudia kunipima, lakini mazoea ni mazoea.

Moyoni nilicheka kidogo. Mafuta yamepanda kwa sababu ya Ukraine, mgao tunasema umekwenda Ukraine, sasa na tuzo ya Waganda nayo!

Mwanangu, yule wa mgongoni, sasa anasoma Mbarara. Nilipomsimulia, aliniambia jambo ambalo redio haikulisema, au ililisema nisilishike. Filamu ya Bobi Wine iliongozwa na watu wawili, Christopher Sharp na Mganda Moses Bwayo. Bwayo alipigwa risasi ya mpira usoni mwaka 2020 akiwa kazini na kamera yake, na mwishowe aliihama nchi pamoja na familia yake, akaenda kuomba hifadhi Marekani. Yaani huyo aliyekuwa akishindana kwa niaba ya nchi iliyonipokea, naye ameshakuwa mwenzangu. Nilikaa kimya nikilitafakari hilo muda mrefu kuliko filamu yenyewe.

Likizo iliyofuata alikuja na ile ya Mariupol kwenye flashi. Tuliitazama kwenye kompyuta ya kuazima, yeye akinitafsiria kwa sauti ya wale viijei wa vibanda vya video, akianza kwa mzaha. Mzaha uliisha mapema. Mstyslav Chernov na wenzake wa shirika la habari la AP walibaki mjini baada ya wanahabari wengine kuondoka. Wanaonyesha hospitali ya uzazi iliyopigwa bomu tarehe 9 Machi 2022, na mama mjamzito anayebebwa kwenye machela. Yeye na mtoto wake hawakupona. Kazi hiyo iliwapa na Pulitzer mwaka 2023. Kilichonigusa zaidi ni daktari anayewahimiza warekodi, asiyejificha wala kuwafukuza. Alijua kinachotokea mbele yake kitakuja kukanushwa, na kweli kilikanushwa.

Mwanangu akanionyesha na Chernov akipokea Oscar. Alisema laiti asingekuwa na sababu ya kuitengeneza filamu ile. Angeitoa tuzo hiyo ili Urusi isiwe imeivamia nchi yake. Watu ukumbini wakapiga makofi. Mimi nilimwamini. Nimewahi kuona watu wakipokea bendera, vyeti, mbuzi na mabati kwa ajili ya misiba yao, na uso wake ulikuwa ule ule wa anayepokea mabati.

Usiku ule nilimwomba mwanangu anisaidie kuliandika daftari upya, kwa safu: jina, umri, kazi, mtaa, tarehe, nani aliona. Orodha yenyewe ilileta ugomvi. Kuna mama aliyekataa kaka yake asiandikwe kwa kuwa alikuwa Mai-Mai, na mama mwingine aliyesisitiza aandikwe kwa sababu hiyohiyo, maana aliuawa akiwa amelala nyumbani bila silaha. Mzee mmoja alitaka alipwe. Kijana mmoja aliyetoka Kiwanja 2022 aliniuliza, kwa adabu lakini kwa ukali, kwa nini daftari linaishia 2008. Nikampa kalamu. Sasa lina sehemu mbili, na ya pili inakua kuliko ya kwanza, hasa tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 na wakimbizi wapya wakazidi kuingia. Nakala moja anayo mwanangu Mbarara. Aliyetutolea fotokopi karibu na chuo alidhani ni orodha ya wanachama wa likelemba, akauliza kama bado tunapokea.

Nirudi kidogo kwenye Nansen: mwaka 2023 ile kuu ya dunia ilikwenda kwa Abdullahi Mire, Msomali aliyekulia kambi za Dadaab, aliyefikisha vitabu 100,000 kwa watoto wakimbizi nchini Kenya. Mteja wangu mmoja Msomali alinunua sinia zima la mandazi asubuhi hiyo akawagawia wapita njia. Nilimwuliza kama anamfahamu Mire. Akasema hapana, ila shangazi yake anamfahamu mtu anayemfahamu, na kwa Wasomali hiyo inatosha.

Juzi amefika Kabazana mwanamke tuliyesoma naye shule ya msingi. Nilimpelekea chai na mandazi, nikamsomea sehemu ya kwanza ya daftari ili aniambie kama nimesahau mtu. Alisikiliza kwa utulivu, akaongeza majina mawili, akanisahihishia tarehe. Nilipofika kwenye jina la seremala mmoja, rafiki wa mume wangu, ambaye jirani zake watatu waliapa kwamba walimwona ameanguka, akanisimamisha. "Huyo yuko Goma," akasema. "Anauza petroli kwenye chupa. Nina namba yake." Tulimpigia palepale, mikono ikinitetemeka. Alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja. Tulilia wote watatu, kisha akauliza habari za mtoto, akauliza habari za Nakivale, na kabla salio halijaisha akaniuliza kama kweli UN bado wanatulipa kila mwezi, na kama ningeweza kumrushia kidogo. Nikamwambia arudie tena jina lake lote, na la baba yake, maana sasa natakiwa kulihamishia upande wa mbele wa daftari, kwa watu wanaonidai.